Siku Tuliyofundishwa Kutema Mvinyo

Chwaa! Mpaka leo nausikia ule mlio wa mvinyo ukipiga ndoo ya bati. Watu wazima, wamevaa vizuri, wanaonja, wanasukutua, halafu chwaa, wanatema wasilewe. Nilishikwa na kicheko. Nikamgeukia mume wangu tucheke wote, nikamkuta naye ameinamia ndoo.

Tulikuwa Afrika Kusini, mimi nimetoka Garsen, yeye Dubai, ambako anafanya kazi hotelini. Hoteli ilimtunuku safari ya watu wawili, kuzungushwa mashamba ya mizabibu na kuonjeshwa mvinyo. Mimi mvinyo haukunihusu. Nilikwenda kumrudisha mume wangu nyumbani. Kwenye ndege nilikuwa nimeshapanga yote: atalima mpunga Ozi kwenye shamba la baba yake, mimi nitauza sharubati baridi pale stendi ya Garsen, nyumba tutaipaka rangi ya samawati. Kilichobaki ni kumwambia tu.

Mizabibu ilikuwa imejipanga mistari kama watoto wa gwaride. Mama aliyetuongoza akanimiminia glasi, akanisubiri. Mimi nami nikamsubiri. Babu yangu kule Ozi alikuwa mgema, na kwetu mwenye pombe ya mnazi huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu ndani. Wageni wenzetu mezani wakatugeukia.

"Kunywa basi," mume wangu akaninong'oneza.

"Yeye mbona hanywi?"

"We! Hapa si kwa babu yako."

"Nife mimi, yeye abaki anauza?"

Zamani angecheka mpaka akae chini. Safari hii aliwaambia wenzetu kwa Kiingereza kwamba mke wake hajazoea, nao wakatabasamu kwa ule upole unaouma. Nikanywa. Kutema kama alivyotufundisha yule mama sikuweza, kitu umepewa na mtu, unakitemaje mbele yake? Nikameza.

Yule mama akauliza kila mtu anasikia harufu gani. Mmoja akasema tumbaku, mwingine ngozi. Ilipofika zamu yangu nikamwambia mume wangu, "Mwambie ukwaju. Ule uliolowekwa ukalala."

Akageuka, akamwambia ni matunda ya porini. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini hilo nililielewa.

Nikaona nisingoje tena. Tulipotoka kutembea kati ya mizabibu nikamshika mkono. "Turudi wote nyumbani."

Akatazama viatu vyake. "Nimeshasaini mkataba mwingine."

"Lini?"

"Kabla hujaja. Nilitaka ufurahie kwanza."

Niliendelea kumshika mkono kwa sababu sikujua wangu niuweke wapi. Wenzetu walikuwa mbele wanapiga picha, mmoja akatuita, "Nyinyi wapenzi, sogeeni!" Nikatabasamu vizuri kabisa. Ile picha ninayo simuni, na ukiiona utasema ndoa ndiyo hiyo.

Jioni yeye alishuka kula na wenzetu. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Begi langu kubwa lilikuwa nusu tupu. Nililileta hivyo makusudi, libebe nguo zake. Shati lake jeupe lilikuwa juu ya kiti, kifungo cha mkono kinaning'inia. Nikatoa sindano kwenye pochi, nikakishona, nikakata uzi kwa meno. Kisha nikalikunja shati, nikaliweka kwenye begi lake.