Siku Kreta Nzima Iliponisikia Nikichambua Sayari ya Pili

Jamani, mkinicheka mcheke kwa utaratibu, maana habari hii hata mke wangu nilimficha miaka mitatu, mpaka akaja kuisikia saluni kutoka kwa watu wasionihusu. Mimi ndiye yule dereva aliyefunga mawasiliano ya kreta nzima ya Ngorongoro asubuhi moja ya mwezi wa saba, msimu umechachamaa, magari yamejaa kule chini, na kilichonifanya niyafunge ni gemu. Gemu ya kwenye televisheni. Mtu mzima, nina ndevu.

Ilikuwa miaka ile ya simu za tochi. Nilikuwa nimeosha magari ya Mama Glory pale Karatu misimu miwili, nikapata leseni, nikapata cheti cha kuongoza wageni, na Mama Glory (mama wa Kimachame, mwenye kampuni, mkali mpaka mafundi walikuwa wakiomba ruhusa ya kukohoa) akaniambia sawa Elibariki, nakupa siku moja ya majaribio, kreta, wageni wawili, ukirudi nao wanacheka gari ni lako. Usiku ule sikulala, nilikuwa naona jina langu kwenye ile orodha ya madereva ukutani.

Wageni wenyewe walikuwa mtu na mkewe, Wajerumani, Jens na Karin. Karin alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na kabla hata hatujatoka Karatu akanionyesha bahasha ya michoro ya faru waliyomchorea wanafunzi wake, akasema Elibariki, simba sina haja naye, mimi nimengoja miaka sita kumwona faru mweusi, nimewaahidi watoto picha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, madereva tunapashana habari kwa redio ya upepo, mmoja akimwona faru wote tunajua. (Hayo yalikuwa kweli kabisa, na ndiyo yanayoniuma.)

Jens yeye alikuwa amechoka na wanyama tangu Manyara. Tulipopita lango na kuanza kupanda ukingo nikamtazama kwenye kioo, nikaona fulana yake, na kwenye fulana chombo cha angani ninachokijua kuliko ninavyoijua Landikruza, kile cha kwenye gemu tuliyokuwa tukiiita Sayari. Humo wewe ni nahodha, unazunguka nyota kwa nyota, unaokota watu wa kila aina (mmoja ana mikono minne, mwingine ni roboti mwenye kiburi), unaongea nao, na unavyowajibu ndivyo hadithi inavyogeuka. Ya kwanza nilikuwa nimeimaliza kwenye kibanda cha gemu cha Saidi nyuma ya soko. Ya pili Saidi alituletea CD ya kuchoma, ikawa inaganda kwenye sayari ya pili kila mara, nami nilifika sayari hiyo mara kumi na moja nikarudishwa nyumbani mara kumi na moja.

Nikamsifia fulana. Mtu akafufuka! Akasogea mbele, akauliza, "Na ya pili umecheza?"

Sasa hapo ndipo. Chuoni tulifundishwa mgeni haambiwi "sijui", hata akiuliza jina la kisisimizi unampa jina. Nikasema, "Ya pili? Nimeimaliza."

Na ili nigeuke nimjibu vizuri, maiki ya redio ambayo ndoano yake ilikuwa imevunjika nikaibana kati ya paja langu na maboksi ya chakula cha mchana. Redio ikanyamaza. Nikajisemea moyoni, leo madereva wametulia, Mungu mwema.

Tukashuka kreta tunabishana. Jens alisema ya pili ni bora, risasi zinakwenda unapolenga, na hubebi tena mizigo mia ya silaha usizozitumia. Nikasema ya kwanza ilikuwa na nafasi, unashuka sayari tupu na gari lako unazurura tu mpaka uchoke mwenyewe. Akasema lile gari lilikuwa takataka, linapinduka kwenye kila kilima. Mimi nikachukua kama katukana ukoo, nikamwambia gari halikuwa na shida, shida ilikuwa dereva, na hapo nikapita kundi la tembo bila kusimama.

Kisha nikatoa hoja yangu kubwa. Nikamwambia, kwenye ya kwanza ukiwadharau watu wako wanakuacha, na wewe ukimchoka mtu unamshusha sayari yoyote, kuna heshima pande zote. Kwenye ya pili unawatukana wiki nzima na kesho wako kwenye chombo wanakusalimia. "Ni kama kampuni yetu," nikasema, nikapiga usukani kwa raha, "bosi wangu angecheza ya kwanza angeruka peke yake na mbwa wake."

Jens akacheka mpaka akalowa machozi. Nikanogewa. Akaniuliza kama mwisho wa ya pili unastahili kungojewa, nami nikatazama mbele kwa huzuni ya mtu aliyefika mwisho nikasema, "Roboti kufa, kuliniuma."

"Usiniambie!" akapiga kelele. "Sijafika huko!"

Karin akaniuliza kwa upole, "Elibariki, redio haijasema chochote kuhusu faru?"

"Bado, madam. Leo kimya."

Ndipo nikaona vumbi linatujia. Alikuwa Lohay, dereva mwenzangu, Mwiraqw mpole ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia sauti hata fundi. Alikuwa amesimama nusu mwili nje ya dirisha.

"We Elibariki! Inuka hapo! Umekalia maiki, kitufe kimebonyea!"

"Nini?"

"Tangu ukingoni huko hakuna anayeweza kusema neno! Faru na mtoto wake walisimama barabarani pale msitu wa Lerai dakika arobaini, tunataka kuita, tunasikia wewe na roboti wako tu!"

Nikainua paja. Redio ikalipuka kwa vicheko vya kreta nzima, kuna mmoja akauliza roboti anazikwa lini, halafu wote wakanyamaza ghafla kama darasa mwalimu akiingia, na sauti ninayoijua ikasema polepole kutoka Karatu, "Nahodha, hapa ni ofisini kwa bosi wako. Ova."

Nilikimbiza gari mpaka Lerai. Faru walikuwa wameshaingia msituni. Tulikaa pale mpaka saa kumi, tukapata kinyesi, na Karin, kwa kuwa kushuka hakuruhusiwi, akakipiga picha kupitia dirishani. Hakunigombeza. Alirudisha ile bahasha kwenye begi, akaifunga zipu, akatazama nje mpaka Karatu. Afadhali angenizaba kibao.

Jioni Mama Glory alikuwa mezani, thamosi upande mmoja, redio upande mwingine.

"Elibariki, hiyo ya pili, nahodha akiwatukana watu wake wanabaki?"

"Wanabaki, Mama."

"Na ya kwanza?"

"Wanaondoka, Mama."

"Na nahodha akimchoka mtu?"

"Anamshusha. Sayari yoyote."

Akanyoosha mkono. "Lete funguo. Shuka hapa Karatu, ni sayari nzuri tu, ina soko na kituo cha basi."

Nilihangaika karibu mwaka mzima kabla ya kupata gari kwingine, na mpaka leo kuna madereva wananipigia saluti. Lakini hilo silo baya. Baya ni kwamba baadaye nilipata Arusha CD nzima ya ya pili, nikaipita ile sayari niliyokuwa nagandia, na sayari iliyofuata tu watu wangu niliokuwa nikiwajibu ovyo wakaanza kufungasha, mmoja mmoja, wa kwanza akiwa roboti, mzima wa afya. Yaani yote niliyoyasema siku ile, mbele ya kreta nzima, yalikuwa uongo, na Jens alirudi kwao akimlilia roboti aliye hai.

Niliapa siku ileile. Mgeni akiniuliza nisichokijua namtazama usoni nasema sijui, anashangaa kidogo, tunaendelea na safari. Faru nimewaonyesha watu wengi tangu hapo, wengine wanampiga picha moja na kuulizia chakula, na kila mara nafikiria darasa la watoto waliosubiri picha ya faru wakaletewa ya mavi yake.