Zein Aliyewauza Pomboo

Zein anaketi meza ya pili kutoka mlangoni katika ofisi ya safari ya Dhiren, hatua chache kutoka stesheni ya Rayners Lane, Landani. Mimi niko meza ya tatu. Ninayoyasimulia niliyasikia kwa masikio yangu, na niseme mapema kwamba yaliniudhi na bado yananiudhi.

Zein ni mtu wa Shimoni, kusini mwa Mombasa. Kabla ya kuja huku, kwa miaka tisa alifanya kazi ya kuwapeleka watalii kuwaona pomboo. Aliwatambua kwa mapezi ya mgongoni: huyu ana mkato, yule ana kovu. Siku ambazo pomboo hawakutokea wageni walinuna, naye aliwaambia bila haya, "Leo wana shughuli zao." Kwa hadithi hiyo tu nilimpenda kama ndugu.

Dhiren, ambaye wazazi wake walitoka Kisumu, hakumwajiri kwa sura nzuri. Ofisi yetu inaishi kwa likizo za visiwa vya Karibi, na huko kinachopendwa kuliko vyote ni kuogelea na pomboo. Mtu aliyekulia nao akikwambia uende, utabisha nini? Basi Dhiren akamdhamini viza. Mwezi wa pili mwaka huu mkewe na binti yao wa miaka sita walikuja, wakapanga chumba Hounslow, na viza zao zinategemea ya Zein. Akifukuzwa kazi wana siku sitini za kupata mdhamini mwingine au kufunga mizigo.

Mwezi wa tano hoteli moja ilimwalika kisiwani akaone anachouza. Alirudi hana raha.

"Makena," aliniambia tukinywa chai, "wako saba ndani ya uzio wa wavu baharini ambao ningeuogelea upande hadi upande kwa pumzi moja. Wanazunguka, wanazunguka. Filimbi ikilia wanamrusha mtalii juu, ndipo wapewe samaki. Mmoja ana kidonda mdomoni kwa kusugua wavu."

"Umemwambia Dhiren?"

"Nimemwambia. Akasema, kwani hapa nani hana uzio wake?"

Nilikasirika, nikamwambia akatae kuwauza. Ni rahisi kwangu, mimi nina pasipoti ya Uingereza. Yeye alitafuta njia ya katikati: mteja akiuliza, alimsomea karatasi ya hoteli neno kwa neno, asiongeze lake hata moja. Karatasi ndiyo inayosema, alijifariji, si yeye. Nilimwona mwoga.

Jumamosi moja akaja Bi Kalpana, Mhindi wa Mombasa mwenye miaka themanini na moja, mteja wa ofisi tangu enzi za baba yake Dhiren. Alitaka kuwapeleka wote wa nyumbani kwake, watu kumi na wanne. Alikuwa na mjukuu wake Sapna, wa miaka kumi na miwili, amekunja mikono na uso.

"Huyu anasema wale pomboo ni wafungwa," alisema Bi Kalpana. "Hataki kwenda."

"They're in a cage, Ba," Sapna alimwambia bibi yake. "I've seen the videos."

Zein akavuta karatasi yake. Bi Kalpana akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo naweza kusoma mwenyewe, mwanangu. Wewe ni mtu wa pwani, sisi ni majirani. Niapie kwamba wako vizuri, nami nitaridhika. Mwislamu wa kwetu akiapa, marehemu mume wangu hakutaka shahidi mwingine."

Dhiren alikuwa ametoka chumba cha nyuma, amesimama kando ya printa. Miaka mitatu nimekaa na Zein sijawahi kumsikia akiapa, hata kwa basi lililochelewa. Alinitazama. Nami, mwenye mdomo mrefu siku zote, nikaitazama kompyuta yangu.

"Wallahi, mama," alisema. "Wana raha."

Sapna alimkazia macho, kisha akakunjua mikono. "Okay," alisema, akatabasamu. Alimwamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Angeendelea kubisha ningepumua.

Walipoondoka Zein aliingia chooni akakaa sana, maji yakimwagika. Alitoka na uso umelowa.

"Umemdanganya mtoto," nilimwambia.

"Nina wangu," alijibu, akaketi.

Jumatatu walikuja mume na mke, Vijay na Shenaz, wameelekezwa na Bi Kalpana ambaye alikuwa amewasimulia jamaa zake wote. Dhiren aliwavutia viti mwenyewe, akaagiza chai, akaweka mkono begani kwa Zein.

"Waambie ulivyomwambia Bi Kalpana."

Nilitarajia Zein afungue droo atoe karatasi. Hakuifungua. Mkono wa Dhiren ulikuwa bado begani.

"Tulitaka kujua tu," alianza Vijay, "kama watoto watapewa jaketi za kuelea."

"Wallahi, wana raha," alisema Zein.