Mkono wa Binti wa Saba

Siku za Jumatatu na Alhamisi Attracta McTernan hakutia kitu kinywani mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Hata chai hakunywa. Alifundishwa tangu utotoni kwamba mate yenye nguvu ni ya mtu aliyefunga, na kwamba choa hakiogopi mate ya mtu aliyeshiba mkate na siagi. Basi alikaa jikoni kando ya jiko, tumbo likimnguruma, huku magari yakiingia uani kutoka vijiji vya Drumshanbo na Carrigallen, mengine hata kutoka mji wa Longford. Kila gari lilishusha mama na mtoto, na kila mtoto aliambiwa maneno yaleyale mlangoni: nyoosha mikono, vua soksi.

Alikwisha kuona kila namna ya ngozi. Majira ya kuchipua kulikuwa na choa cha ndama, duara jekundu mgongoni mwa mkono wa mtoto aliyetumwa kuwanywesha maziwa. Kulikuwa na chunjua za vidoleni, zile ambazo watoto huzitafuna darasani, na chunjua za unyayoni walizotoka nazo kwenye bwawa la kuogelea la mjini. Kulikuwa na ukurutu uliopasua ngozi katikati ya vidole mpaka mtoto akalia akioshwa mikono. Na kila Januari vililetwa vidole vya miguu vilivyovimba, vyekundu, vinavyowasha usiku kucha, kwa sababu watoto wa wilaya hii ya Leitrim hutoka kwenye barafu na kusogeza miguu moja kwa moja kwenye mdomo wa jiko, na hakuna mzazi anayewakataza kwa kuwa yeye mwenyewe alilelewa hivyohivyo. Mkono wa Attracta, yaani kipaji chake cha kuponya, ulikuwa wa choa tu. Hilo halikumzuia mtu. Chochote kilichowasha kililetwa kwake.

Alilowesha kidole gumba kwa mate, akalizungusha lile duara mara tatu, akapiga ishara ya msalaba, akapuliza. Jumatatu, halafu Alhamisi, halafu Jumatatu tena, basi. Mara nyingi alinusa marhamu ya duka la dawa kwenye vidole vya mtoto, akajitia hamnazo. Choa kikipona, sifa zilikuwa za mkono. Kisipopona, mama alikuwa amekosea siku.

Kisha wageni waliondoka bila neno, maana hiyo ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Dawa ya namna hii hailipwi wala haishukuriwi. Ukisema asante, umeivunja. Wengine waliacha trei ya mayai kizingitini au pakiti ya chai dirishani, wakaenda zao kimya kama waliokuja kuiba. Mama yake, Delia, alilichukia neno hilo kiasi kwamba alilipiga marufuku nyumbani kwake, lisije likamponyoka mtu mbele ya wagonjwa. Attracta alikua akipitishiwa chumvi na kuwapitishia wenzake, akifungiwa viatu na kufunga vya wengine, na hakuna aliyemshukuru mwenzake katika nyumba ile.

Alizaliwa Januari moja ya baridi kali, wakati wa vita, binti wa saba wa nyumba isiyokuwa na mvulana. Kila mtu alijua maana yake. Mabinti saba wakifuatana bila mvulana kuingia katikati, wa saba ana mkono. Mkunga alimtia nyungunyungu kiganjani kabla hata hajaoshwa, na nyungunyungu akafa. Hapakuhitajika ushahidi mwingine. Kabla hajajua kutembea vizuri, majirani walikuwa wakimshika kidole gumba na kukizungusha wenyewe kwenye mikono ya watoto wao.

Dada zake sita walikwenda Uingereza mmoja baada ya mwingine. Alipofika miaka kumi na minane, dada yake Concepta alimpatia nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali moja ya Coventry. Attracta aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Alinunua soksi nyeusi, akapanga sanduku, akaliweka mlangoni. Asubuhi ya safari ilikuwa Alhamisi, na mtoto wa jirani akaletwa, mguu umejaa choa mpaka kwenye kifundo. Delia hakulia wala hakugombana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo, kwamba mkono hauvuki maji ya chumvi. Ukishuka melini umekuwa mtu kama watu wengine.

Attracta alimtazama yule mtoto, akavua koti. Sanduku lilirudi juu ya kabati, na zile soksi nyeusi alizivaa kwenye mazishi ya baba yake.

Alibaki. Mwanamume mmoja alimposa, naye alikuwa na tiketi ya Boston. Akaenda na tiketi yake. Concepta alikuja kila Agosti na hadithi za wadi, akamwita "daktari wetu" mbele ya watu, na Attracta akacheka pamoja nao huku maini yakimkatika. Alikamua ng'ombe, akamwogesha mama yake alipoanza kuzeeka, akamkata kucha, akampaka mafuta magaga ya visigino. Kitu kimoja tu kilimfanya asimame asubuhi: kwamba yeye si mtu kama watu wengine, na kwamba kubaki kwake kulikuwa na sababu.

Alipokuwa na miaka hamsini na mmoja, padri mpya alitangaza kanisani kwamba Jumapili ijayo alasiri atakibariki Kishamba cha Watoto. Hakuna aliyegeuza shingo. Kila mtu alikijua kile kipande cha ardhi nyuma ya kilima, chenye mawe madogo yasiyo na majina, walikozikwa watoto wachanga waliokufa kabla ya kubatizwa. Zamani makaburini hawakuruhusiwa. Baba wa mtoto alikwenda jua likizama, peke yake, na jembe.

Jumapili hiyo Attracta alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, amekwisha kuvaa koti jeusi na kofia.

"Nipeleke kishambani," alisema Delia.

"Kwetu hatuna mtu kule, Mama."

"Tunaye."

Attracta alidhani ni uzee. Delia alikuwa na miaka themanini na sita na siku nyingine alimwita kwa jina la ng'ombe. Alimtia garini kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana. Kule kilimani walikuwapo wazee kama ishirini, wamesimama mbalimbali, kila mmoja akitazama jiwe lake. Padri alipita na maji ya baraka akinyunyiza. Delia alitembea kwa fimbo yake moja kwa moja, bila kusitasita, mpaka kwenye kichaka cha miiba kilichokuwa pembeni, akaligusa jiwe kwa ncha ya fimbo.

Alisema huyo alikuwa mvulana, akazaliwa bila kulia. Mumewe alimleta ndani ya sanduku la siagi, akarudi nyumbani, akanawa mikono, akala viazi vyake, na hawakumtaja tena maisha yao yote.

"Lini?" Attracta aliuliza.

"Kabla yako. Baada ya dada yako Philomena, kabla yako wewe."

Attracta alihesabu kimoyomoyo, na alihesabu tena kwa kuwa hakuipenda hesabu ya kwanza. Mabinti sita, kisha mvulana, kisha yeye. Mnyororo ulikuwa umekatika kabla hajatungwa mimba.

"Kwa hiyo mimi si wa saba."

"Ni wa saba. Yule hakubatizwa. Padri wa wakati ule aliniambia kwa mdomo wake, nisahau, huyo hahesabiwi. Kama kwa Mungu hahesabiwi, mimi nani nimhesabu?"

Padri alifika kwenye kichaka. Alinyunyiza maji juu ya jiwe, mengine yakamwangukia Delia kwenye kiatu, akamwombea mtoto kwa Mungu anayewajua watu wake wote. Delia alijibu amina kwa sauti. Attracta alingoja padri apite.

"Leo amehesabiwa, Mama."

Delia alikuwa akitafuta leso mfukoni.

"Na yule nyungunyungu?"

"Aa, nyungunyungu. Ilikuwa Januari, ardhi imeganda, mkunga alimfukua chini ya samadi. Alikuja naye amekwisha kufa. Nilimwona, sikuwa kipofu."

"Na siku ya Coventry? Siku ile uliponiambia habari ya maji ya chumvi, ulijua?"

Hapo Delia alimgeukia, na hapakuwa na uzee wowote machoni mwake. "Sita walikwisha kwenda. Sita. Ulitaka nibaki na nani?" Kisha akasema upepo unamwingia mgongoni, na kwamba blanketi liko kiti cha nyuma.

Attracta alilileta blanketi. Hata mimi ninayesimulia sijui kwa nini alilileta. Angeweza kumwacha pale kichakani, na kuna watu kule Leitrim ambao mpaka leo husema wangemwacha. Alimfunika mabega, akamrudisha nyumbani, akamvua viatu, wala hakulia, maana machozi ni ya mtu aliyefiwa na yeye hakujua amseme nani kafa. Hasira ndiyo aliyokuwa nayo, na haikuwa na pa kwenda.

Asubuhi yake ilikuwa Jumatatu. Attracta aliamka akakaanga nyama ya nguruwe, mayai mawili na vipande vya mkate kwenye mafuta yaleyale, akaketi, akala. Harufu ilifika chumbani kwa mama yake.

"Leo Jumatatu," Delia aliita kutoka kitandani.

"Najua."

"Utaharibu."

Attracta alipangusa sahani kwa mkate. Alikuwa akinywa kikombe cha pili gari lilipoingia uani. Walikuwa Majella Duignan, mke wa muuza vifaa vya shamba, na binti yake Orlaith wa miaka sita. Ilikuwa mara yao ya tatu. Mara ya kwanza mtoto alikuwa na madoa mgongoni mwa mkono wa kulia na moja kubwa juu ya mguu. Sasa alinyoosha mkono mwenyewe, bila kuambiwa, na mkono ulikuwa safi. Kivuli chekundu tu kilibaki, nacho kilikuwa kikififia. Mguu vilevile. Ulinuka marhamu.

Attracta aliushika ule mkono mdogo, wenye joto. Ungepona kwake, ungepona kwa daktari, ungepona kwa kuachwa tu. Mikono yote ile, miaka yote ile. Alitaka kumwambia Majella ukweli, lakini angeusema vipi bila kusema kwamba mkono wake ulikuwa kamba ya kumfungia jikoni? Alilowesha kidole gumba kwa mate yenye chumvi ya nyama, akazungusha mara tatu. Mtoto alikitazama kidole kwa makini sana.

"Asante, bibi," alisema Orlaith.

Majella alimvuta mkono kwa nguvu mpaka mtoto akayumba. "Nimekwambia nini garini? Nimekwambia nini?"

"Mwache," alisema Attracta. "Aseme tena."

"Bi Attracta, mtoto hajui, atavunja..."

"Aseme tena."

Majella alimtazama kama mtu anayemtazama mlevi kanisani. Kisha akaiona ile sahani yenye mafuta mezani, na uma, na kikombe, na uso wake ukabadilika. Orlaith alimtazama mama yake, akamtazama yule bibi mwenye macho mekundu, akaamua mwenyewe.

"Asante," alisema, safari hii polepole, kama anasoma.

Attracta aliitikia kwa kichwa. Ndipo machozi yalipokuja, mbele ya watu, naye hakuyafuta. Majella alimnyanyua mtoto kiunoni, soksi moja mkononi, wakatoka, na gari likaondoka kwa kasi iliyowatawanya kuku.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika posta, dukani na shuleni. Ameivunja mwenyewe. Amekula asubuhi, akashukuriwa, akaomba ashukuriwe mara ya pili. Wengine walisema ni kichwa, wengine wakasema ni mama yake aliyemchosha. Walikuwa na huruma kidogo, na ghadhabu nyingi, maana ndama walikuwa bado wana choa na sasa ingewabidi kwenda kwa mtu mmoja upande wa Cavan.

Alhamisi Attracta alikula mapema, akaosha vyombo, akakaa dirishani. Uani hapakuingia gari. Alikaa mpaka saa sita, mikono yake mapajani, akiitazama. Ilikuwa mikono ya kawaida, mikavu, imepasuka kwa maji baridi na sabuni ya nguo, na hakuna mtu aliyewahi kuipaka kitu.

Delia aliita kutoka chumbani kwamba anataka chai. Attracta alichemsha maji, akatia maziwa kwanza kama mama yake alivyopenda, akapeleka kikombe, akasimama kando ya kitanda. Siku nyingine angeondoka mara moja. Leo alisimama, akangoja lile neno.

Mama yake alipokea kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa. Alikitazama kile kikombe, kisha akaugeukia ukuta.

"Ina baridi," alisema.