Bangili ya Mama na Msumeno wa Seremala

Sikupata usingizi kwa swali moja: msumeno wa meno makubwa au madogo?

Jioni hiyo mama alikuwa ameumwa na nge. Mkono ulivimba hadi bangili ya shaba aliyovishwa na marehemu baba ikazama nyamani. Shangazi alitaka apelekwe kwa mhunzi. Nikakataa. "Mimi nimesoma shule ya Wajerumani, shangazi. Nitaikata hapa hapa." Kumbe nilichosomea ni ukarani.

Asubuhi niliazima msumeno wa seremala wa reli, wenye meno makubwa, nikidhani utamaliza kazi upesi. Nilipovuta mara ya kwanza, meno yakanasa kwenye shaba, msumeno ukaruka, ukamchana mama mkono.

"Mwanangu," aliuliza taratibu, "hii uliisomea lini?"

Nilimfunga kitambaa, nikambeba mgongoni hadi kwa mhunzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alipenyeza kipande cha ngozi chini ya bangili, akachagua msumeno mwembamba wa meno madogo madogo. Kisha akaliona jeraha. "Nani mjinga kakata shaba kwa msumeno wa mbao?"

Wateja wote waliokuwa pale wakanitazama. Mama akafungua kinywa anitetee, nikamtangulia.

"Ni mimi, mzee. Niliwadanganya mama na shangazi kwamba najua."