Mdakaji wa Mstari wa Mwisho

Kazi ya Mama Eddie ilikuwa kudaka watoto wa watu. Usicheke. Msichana anayemaliza mbio za mita elfu tano kwenye jua la Thika hafiki kama mtu anayefika nyumbani. Hufika macho yamefumba na magoti yamelegea, na akishavuka mstari mwili wake wote hukataa kazi. Hapo lazima awepo mtu wa kumpokea kifuani, amzuie asimwangukie mwenzake, kisha amtembeze polepole hadi kwa waandikaji akiwa bado katika nafasi aliyoifikia. Wasichana wakianguka ovyoovyo, hata malaika hawezi kujua nani alikuwa wa nne na nani wa tano. Kazi hiyo haina mshahara. Ina fulana, chupa ya maji, na ukibahatika sahani ya wali na maharagwe baada ya wakubwa kula.

Sheria ya wadakaji ni moja na hata mtoto wa nasari anaielewa: usimguse mkimbiaji kabla kifua chake hakijavuka mstari. Hata akitambaa. Hata akilia. Ukimgusa upande ule umemsaidia, na aliyesaidiwa jina lake hufutwa. Kwa hiyo mdakaji husimama nyuma ya mstari, mikono wazi, miguu imetulia, akimtazama mtoto wa mwenzake akiteseka mbele yake, na hafanyi kitu. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Mama Eddie aliingizwa uwanjani na mumewe, marehemu Gachau, aliyekuwa mpiga bastola wa kuanzishia mbio. Wakati huo yeye alikuwa bado kwenye kiwanda cha nguo, na Jumamosi alimfuata mzee uwanjani ili wasile chakula cha mchana mbalimbali. Siku moja wadakaji walipungua, akaitwa asaidie, na tangu hapo hakuondoka. Kiwanda kikafungwa. Gachau akafariki. Watu wakadhani sasa mama atatulia nyumbani, lakini mashindano ya kaunti yalipofika alikuwepo, na ya mkoa alikuwepo, amevaa kofia yake ya kusuka, akiuliza mstari uko wapi kama vile mstari huhamahama. Bedan, mwalimu mstaafu aliyesimamia upande wa kumalizia, alimsifu mbele ya wote: huu ndio moyo wa kujitolea.

Moyo alikuwa nao, hilo halina ubishi. Lakini si moyo peke yake uliokuwa ukimtoa kwake Ngoingwa asubuhi.

Nyumba yake ya Ngoingwa ilikuwa ya chini, ya mabati, na ploti zote jirani zilikuwa zimeota fleti. Fleti hizo zilimnyang'anya jua la kuanikia nguo na hazikumpa majirani. Watu wa huko juu walimjua kwa kofia yake tu. Eddie, mwanawe wa pekee, alikuwa Kanada na mke na watoto wawili, na wajukuu hao Mama Eddie aliwajua kama mapaji ya nyuso tu: walijitokeza kwenye simu, wakapunga mkono, wakasukumana, wakakimbia. Kanisani nako, tangu ile korona, watu walizoea kusalimiana kwa ngumi. Ugonjwa ulikwisha lakini ngumi zikabaki. Mtu wa umri wake, asiye na mume wala mtoto nyumbani, aliweza kumaliza juma zima bila kuguswa na mtu yeyote isipokuwa vifundo vya vidole vya mzee wa kanisa. Jambo hilo hakumwambia mtu. Utamwambia nani, na utaanzia wapi?

Pale mstarini waliangukia kifuani mwake. Walikuja na uzito wao wote, na jasho, na pumzi za moto shingoni, na wengine wakamwita "mami" bila kujua wanamwita nani. Aliwashika kiuno, akawaambia, "Umefika, umefika, tembea sasa." Kisha waliondoka na hawakumkumbuka, naye hakutaka kukumbukwa. Jioni aliivua ile fulana akaiweka kwenye kiti, na hakuiloweka hadi kesho yake. Huo ndio ukweli wote kuhusu moyo wa kujitolea wa Mama Eddie, na anayetaka kumhukumu kwanza aishi peke yake mwaka mmoja.

Sasa sikia lililotokea.

Ilikuwa mashindano ya mkoa, uwanja wa Thika, na katika kila mbio watatu wa kwanza wangekwenda kwenye mashindano ya taifa. Siku moja kabla, Eddie alikuwa amepiga simu. Mama yake alikuwa amekwisha kupaka rangi chumba cha watoto na kununua godoro jipya, kwa kuwa Desemba hii walikuwa waje, hakika, wameshasema.

"Mum, mambo ya kazi imekuwa mingi," Eddie alisema. "Desemba haitawezekana. Labda ile ingine."

"Sawa, baba," alijibu. "Mungu ni mwema. Wasalimie watoto."

Alisema hivyo, akakata simu, akaenda kufunga mlango wa kile chumba. Asubuhi aliingia uwanjani na njaa ambayo wali na maharagwe haviwezi kuitoa.

Mbio za wasichana za mita elfu tano zilianza jua likiwa kali. Wawili walitangulia mapema, wakafika, wakadakwa na wadakaji wengine. Kwa wa tatu ilikuwa zamu ya Mama Eddie. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, Mkamba wa familia iliyohamia Murera, jina lake Mwelu, ingawa wakati huo Mama Eddie hakulijua jina hilo. Aliingia kwenye mnyoosho wa mwisho akiwa na nafasi ya kutosha kati yake na wa nne. Angeweza hata kutembea. Lakini miguu ikaanza kumpinda kama ya ndama aliyezaliwa leo, na mbele kidogo tu ya mstari goti moja likakubali kushindwa. Akaanza kwenda chini, mikono mbele, macho yamefumba.

Mama Eddie alikwenda.

Hakuamua. Mguu wake ulivuka ule mstari mweupe aliousimamia miaka yote, mikono ikamzunguka msichana, akamvuta kwake. Wakavuka pamoja. Msichana alikuwa mzito, wa moto, mwenye kutetemeka, na kwa muda mfupi Mama Eddie alimkumbatia na dunia yote ikawa sawa. Alipoinua macho, refa alikuwa ameinua bendera.

Kocha wa msichana wa nne alikuwa ameshafika pale akipiga kelele. Mwelu alibebwa kwenye kitanda cha huduma ya kwanza, hajui yuko wapi. Bedan alikuja polepole, kofia mkononi.

"Mama Eddie. Umefanya nini sasa?"

"Alikuwa anaanguka, mwalimu."

"Angeanguka! Wangapi wameanguka hapa ukiwaangalia? Angeanguka kwa mbele, kifua kingepita. Ama angetambaa. Alikuwa na nafasi ya kutambaa, mama!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Jina la Mwelu likafutwa, wa nne akawa wa tatu, na spika ikaendelea kuita watu wa kuruka mbali kana kwamba hapakuwa na msiba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo wa Mama Eddie hakungoja Desemba. Alihamia mara moja akalala kwenye godoro jipya. Wengine uwanjani walimtetea, wakasema mama aliingiwa na huruma tu. Yeye peke yake alijua kwamba haikuwa huruma. Ingekuwa huruma angengoja, kama alivyongoja kwa wengine wote. Alikwenda kwa sababu hakuweza kungoja. Alikuwa na njaa ya mtu, na akachukua kabla hajapewa. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amemnyang'anya mtoto wa watu safari kwa ajili ya kumbatio.

Aliuliza jina, akaambiwa. Aliuliza nyumbani, akaambiwa Murera. Siku moja alipanda bodaboda hadi huko, akashuka karibu na duka la mbegu, akatazama mashamba na ploti mpya zilizozungushiwa waya, akagundua kwamba hajui nyumba na hajui atasema nini mlangoni. Alinunua maparachichi asiyoyahitaji akarudi Ngoingwa. Njiani aliyatengeneza maneno, na kila siku alizidi kuyatengeneza akifagia, akipika, akifunga mlango: "Mwelu, mimi ndiye niliyekushika. Haikuwa kosa lako. Nisamehe."

Mashindano mengine yalipopangwa kufanyika Ruiru, Bedan alimpigia simu.

"Nitakuweka upande wa nguo," alisema. "Mstarini siwezi, watu bado wanaongea. Lakini sikia, mama. Huyo msichana atakuja. Ongea na yeye. Yeye na kocha wake wakiniambia hawana kinyongo, nitakurudisha, na nitasimama na wewe. Bila hiyo mikono yangu imefungwa."

"Nitaongea na yeye," alisema Mama Eddie. Usiku na mchana hakuwa na wazo lingine.

Upande wa nguo ni hivi: wakimbiaji huvua traksuti pale pa kuanzia, wakazitupa kwenye mabeseni ya plastiki, na mtu wa nguo huyabeba hadi pale pa kumalizia wakazichukue. Ni kazi ya heshima kwa mtu asiyehitajika. Mama Eddie aligundua kwamba nguo zile huwa bado zina joto la wenyewe. Alibeba beseni huku amelikumbatia kifuani, na joto hilo liliisha kabla hajafika nusu ya njia.

Mstarini waliwekwa vijana watatu kutoka Membley, wanafunzi wa chuo, watoto wazuri wenye adabu. Walikuwa wamevaa glavu. Glavu! Eti jasho. Mkimbiaji alipofika walimshika kiwiko kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya kwenye ndoo. Mama Eddie aliangalia pembeni asije akatukana mtoto wa mtu.

Mwelu alifika na wenzake wakati wa mita elfu tano. Alivua jaketi la bluu, akalitupa kwenye beseni bila kumtazama aliyelishika, akaenda kurukaruka. Si sasa, Mama Eddie alijiambia, usimharibie tena. Baada ya mbio.

Msichana alikimbia vizuri. Alimaliza wa pili, amesimama wima, hakuhitaji kudakwa na mtu. Alizunguka kidogo akivuta pumzi, kisha akaja moja kwa moja kwenye mabeseni, akichechemea kwa sababu viatu vya spaiki vilikuwa vimemchuna.

"Shosho, yangu ni ile ya bluu," alisema, kama anayemwita nyanya yake.

Mama Eddie alimpa. "Umekimbia vizuri, Mwelu."

"Ai, unanijua?"

"Nilikuona Thika."

Uso wa msichana ukafunga. "Thika wacha tu. Hiyo siku nilikuwa nimezima kabisa, sikumbuki kitu. Niliamka nikaambiwa eti kuna mtu alinivuta. Nilikuwa ndani, shosho! Nilikuwa nimeshaingia team!" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Sijui hata ni nani. Lakini siku nikimjua huyo mtu, aki ya nani, atanitambua."

Mama Eddie alifungua kinywa. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa, yamefagiwa. Ng'ambo ya uwanja Bedan alikuwa amegeuka, anawatazama, anangoja.

"Ngoja kwanza nitoe hizi spaiki, zinaniua," alisema Mwelu. Akauweka mkono wake begani kwa Mama Eddie, akauegemeza mwili wote hapo, akainua mguu mmoja akaanza kuhangaika na kamba.

Mkono ulikuwa wa moto na mzito. Vidole vilikaza kila alipoyumba. Jasho likapenya kitambaa cha fulana hadi kwenye ngozi. Msichana alikuwa akiguna, akilaani fundo la kamba, akimwegemea mtu ambaye hakumjua, na hakuwa na haraka. Mama Eddie alijua kwamba akisema neno moja mkono ule utaondoka, na hautarudi. Alijua pia kwamba asiposema, hatasimama tena mstarini, maana Bedan alikuwa ameshasema, na Bedan harudii.

Akafumba kinywa.

Kiatu cha kwanza kikatoka. Msichana akabadilisha mguu bila kuondoa mkono. Mama Eddie alitanua miguu yake kidogo ili asije akatikisika, akapumua polepole, akatazama mbele. Alikuwa akiuza msamaha wake na nafasi yake kwa mkono begani, na alijua bei, na hakuomba apunguziwe.

Kiatu cha pili kikatoka.

"Asante, shosho. Uko na nguvu," alisema Mwelu, akaenda zake peku kwenye nyasi, jaketi begani.

Bedan aliinua kidevu kutoka mbali: vipi? Mama Eddie alitikisa kichwa. Kisha akabaki amesimama vilevile, miguu imetanuliwa, bega moja chini kidogo ya lingine, hadi mtu alipomwambia mama, wengine wanataka nguo zao.