Habari Isiyosemwa kwa Simu

Sikitu alikuwa amechoka kuulizwa kwa nini. Alizaliwa Beni, mashariki ya Kongo, baba Mwislamu mwenye lori, mama Mnande Mkatoliki wa Butembo, na kwa kosa hilo ambalo hakulitenda yeye, pande zote mbili zilimfanya mkalimani wa maisha yao. Ndugu za baba walimuuliza kwa nini watu wa mama yake hukaa matangani siku nenda siku rudi, na maiti amekwisha zikwa. Ndugu za mama walimuuliza kwa nini Waislamu huzika mbio mbio kana kwamba wanaficha kitu. Asubuhi aliuza vitenge sokoni, jioni alipatanisha wakwe. Shirika moja la wageni liliwahi kumwita kwenye semina ya tamaduni na mawasiliano, likampa kofia na cheti. Cheti alikitia chini ya godoro. Hakikumwambia lolote ambalo masengenyo ya jikoni hayakuwa yamemfundisha zamani.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sikitu alishika mawili miaka thelathini, mikono ikamuuma, asidondoshe. Mpaka siku aliyofariki kaka yake, Idi.

Idi alikata roho alfajiri, baada ya siku mbili tu za homa. Ilipofika saa mbili asubuhi baba yao mdogo, mzee Lukman, aliyeshika nafasi ya marehemu baba yao, alikwisha panga kila kitu: maji ya kuosha, sanda, wachimba kaburi, na maziko baada ya swala ya adhuhuri. Sikitu akapiga magoti mbele yake.

"Baba mudogo, tungojee mama. Iko Butembo, kule Mususa. Aone sura ya mutoto wake mara moja tu."

"Mutoto wangu, maiti hapana kungojesha. Unajua."

"Najua. Si ni mimi naelezaka batu?"

Mzee akashika ndevu. "Bon, sawa, alasiri. Ikipita alasiri, hapana tena."

Kwa Sikitu huo ulikuwa ushindi. Kutoka Butembo pikipiki hufika kwa saa mbili, au tatu kama vizuizi ni vingi. Mama angemkuta Idi uso ukiwa wazi. Hakuna kitu kingine alichokitaka siku ile.

Sasa ikabaki kumwita. Na kwao Wanande, kifo cha mtoto hakitangazwi kwa mama katika simu. Anaambiwa mjomba. Mjomba huja na wanawake wawili watatu, wakakaa, wakaongea habari za mvua na maharage, halafu ndipo neno linasemwa, ili mama akianguka pawe na mikono ya kumshika. Anayemtupia mama neno lile sikioni, akiwa peke yake nyumbani, huyo hakulelewa. Sikitu alimpigia mjomba Vagheni mara tano. Mjomba alikuwa shambani upande wa Lubero, nyuma ya milima, simu haikupatikana. Basi akafanya wafanyavyo wote: akampigia mama mwenyewe, akasema mgonjwa. Kila mtu husema mgonjwa. Anayesikia huelewa nusu, na ile nusu ya pili huiogopa akiwa njiani.

"Mama, Idi iko mugonjwa sana. Ukuye. Ukuye sasa hivi."

Mama Katungu akauliza: "Anakula?"

Hapo angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Hapana, mama. Hapana kula. Ukuye tu."

"Nakuya."

Saa sita akapiga tena, simu haikupatikana. Akajiambia yuko njiani, sehemu zile hazina network, na moyo ukatulia. Saa nane akasimama mlangoni. Saa tisa mzee Lukman alimpita kichwa chini; lake alikuwa amekwisha lisema. Alasiri ikaswaliwa. Wanaume wakainua jeneza, wakalipeleka bega kwa bega, na Sikitu akabaki na wanawake, macho barabarani. Alimchukia baba yake mdogo kwa muda mfupi, kisha akaona hata chuki inahitaji nguvu.

Pikipiki ilifika wanaume wakiwa wamerudi, wananawa mikono. Mama Katungu alishuka taratibu, sufuria imefungwa kwa kitenge kifuani.

"Mugonjwa iko wapi?"

Wanawake waliangua kilio. Mama akawatazama mmoja mmoja, akaitazama ile mikono yenye udongo, akakaa chini palepale uani na sufuria yake mapajani. Hakulia. Sikitu akakaa karibu yake.

"Mama, mbona ulikawia?"

"Ulisema hapana kula. Nikasema nimupikie supu. Lakini Idi ni Muislamu, hakulaka nyama nachinja miye. Nikazunguka Mususa yote na kuku mukononi, nikaenda hata Kimemi, nikapata mutu wa kwenu wa kuichinja. Ndiyo ilinikawisha."

"Mama, nilisema mugonjwa! Si tunajua wote, tukisema mugonjwa sana, ukuye sasa..."

"Kama ni Vagheni alisema, ningejua. Ningekuya bila viatu." Mama alisema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Lakini ni weye. Weye ni wa baba yako. Bote kwenu banasemaka wazi: mutu amekufa, tuzike. Ni weye ulinielezaka vile. Donc, basi, uliposema mugonjwa, nikajua mutoto wangu angali na pumuzi."

Sikitu, aliyewaeleza watu miaka yote, akanyoosha mikono, akaichukua sufuria kutoka mapajani mwa mama yake. Ilikuwa bado ya moto.