Gugu Lililosubiri Wageni

Gugu karoti, lile gugu vamizi, lilipofika kwetu Mpale, nilikuwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji, cheo kisicho na posho. Lilichipua ukingoni mwa shamba la mama, karibu na malisho ya ng'ombe wake mmoja, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea binti yangu wa miaka miwili. Mama alitaka kuling'oa siku hiyohiyo, kabla halijachanua.

Nikamkataza. Nilikuwa nimeshatoa taarifa wilayani Korogwe, na jibu lilikuja kwa simu: msiliguse, timu ya uratibu inakuja kuliona likiwa palepale. Kuratibu maana yake kilimo, mifugo na barabara wapande gari moja, na Handeni nao waalikwe, maana gugu halijui mpaka wa wilaya. Gari likakosa mafuta. Mafuta yakapatikana, mtu wa mifugo akawa kwenye semina.

"Hivi mwanangu," mama aliniuliza, "nyoka akiingia ndani unamfungia mlango mpaka mwenyekiti aje amwone?"

Nikamjibu kwamba serikali ina utaratibu wake. Nikalizungushia miba, mbuzi wasiharibu ushahidi. Nililipalilia pia, ili wageni walione vizuri, na hilo silisemi kwa kujisifu.

Likachanua maua meupe, likapukutisha mbegu. Mvua ya kwanza tu, malisho yote yakawa gugu. Ng'ombe akala alichokikuta.

Hapo ndipo timu ilipofika. Wakakubaliana kwamba la kandokando ya njia ni la barabara, la kwenye mahindi ni la kilimo. La malishoni lingemsubiri mtu wa mifugo, ambaye bado alikuwa kwenye semina. Wakanipongeza kwa kutunza sampuli, nami nikafurahi kweli.

Kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu. Mama akawapikia chai ya maziwa. Mkuu wa msafara akapiga funda, akaongeza sukari, kisha akaongeza tena.

"Mama, maziwa haya mbona machungu?"

"Ni hilo gugu mlilosema lisiguswe, baba. Mwanangu amelitunza kama mlivyomwagiza."

"Sasa nyumbani hapa anayanywa nani?"

"Alikuwa anakunywa mjukuu wangu. Siku hizi ukimpa anasukuma kikombe."

Mkuu akanigeukia, akauliza kwa upole ni nani katika kamati aliyezuia lising'olewe mapema. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Nikasema ni mimi.